Nafasi ya Triza

Kila asubuhi Javan Nabiswa alitoka nyumbani pamoja na mwanawe Job. Nyumba yao ilikuwa chumba kimoja huko Baba Dogo, kilichogawanywa kwa pazia. Javan aliingia kiwandani, alikopakia sabuni. Job alibaki nje ya geti na vijana wenzake, akingoja kibarua. Karani alitokea, akachagua watu wachache kwa kidole, kisha geti likafungwa. Mara nyingi kidole hicho kilimruka Job. Alirudi nyumbani akalala mchana kutwa, uso ukutani. Inauma sana kuona kijana mwenye nguvu zake amelala mchana.

Dada yake, Triza, alifulia watu nguo. Mikono yake ilichubuka kwa sabuni, lakini alizoea.

Mwaka wa 1997 redio ilitangaza kwamba polisi wataandika makurutu. Kila wilaya ilipewa nafasi zake, na chache kati ya hizo zilitengewa wasichana. Job na Triza walizaliwa Nairobi, lakini walipanda basi wakaenda Bungoma, wilaya ya babu yao. Ndivyo watu wa mtaa walivyofanya. Kazi ya polisi hutafutwa nyumbani kwa baba.

Uwanja ulijaa wavulana hadi kwenye ua. Wasichana walikuwa wachache. Wote walikimbizwa pamoja, wakapimwa urefu, wakaangaliwa hata meno. Job alikimbia vizuri, lakini walikuwepo wengi waliokimbia vizuri. Akaachwa. Triza akachukuliwa.

Walirudi Nairobi. Job alijifungia nyuma ya pazia. Hakula.

Jioni ya pili, Javan alimwita binti yake.

"Triza, wewe utaolewa. Job ndiye atakayebaki na boma langu. Twende tukamwone yule afisa aliyewaandika. Tumwombe nafasi yako apewe kaka yako. Si nyote ni watoto wa Nabiswa?"

Mama yao, Lorine, aliacha kusonga ugali. "Baba Job, hayo ni maneno gani?"

"Maneno ya kweli! Kijana alimshinda mbio!"

"Nilimwacha mbali," Job alisema kutoka nyuma ya pazia. "Amechukuliwa juu ya kuwa msichana tu. Na karao wa kike atafanya nini? Si ni kupikia wengine chai?"

Triza alitazama mikono yake. "Mpeni Job," alisema polepole. "Mimi nitaendelea kufua."

Hakuwa anatania. Alimpenda kaka yake kiasi hicho, na hakuna aliyemwambia asante.

Lorine alifunga leso yake akatoka. Alirudi na jirani yao wa safu ya pili ya vyumba, Koplo Nzilani wa polisi. Watu wa ploti walimwita Mama Nzau. Alikuwa ndiyo kwanza atoke kazini, sare bado mwilini.

"Hodi hapa."

"Karibu, Mama Nzau," Javan alisema bila furaha.

Nzilani aliketi, akaweka kofia magotini.

"Baba Job, nafasi ya kazi haiazimwi kama sufuria. Triza asipofika chuo cha polisi Kiganjo, ataitwa msichana mwingine. Asipopatikana, nafasi itakaa wazi. Job hataipata hata mpige magoti."

Job alifungua pazia. "Lakini nilimshinda!"

"Ulimshinda, sibishi. Lakini hukuwa unashindana naye. Ulishindana na wavulana wenzako, na nafasi zenu ziliisha. Triza angebaki hapa akifua, wewe ungerudi mikono mitupu vilevile. Umenielewa?"

Job alishika ukingo wa pazia.

"Sasa nikuulize. Hapa Nairobi pia waliandika watu. Mbona ulienda Bungoma?"

"Si ndiko kwetu. Nafasi zetu ziko huko."

"Na kwa nini kila wilaya inatengewa zake?"

"Ili wengine wasichukue zote."

"Basi hata wewe ulikwenda kutafuta nafasi uliyotengewa," Nzilani alisema. "Na sijasikia ukisema unabebwa kwa upendeleo."

Job aliinamisha kichwa. Javan alijikohoza.

"Sawa, Mama Nzau. Lakini kituo kinahitaji wanawake wa nini?"

Nzilani aligeuza kofia magotini.

"Mwezi uliopita nilikuwa likizo. Mama mmoja alikuja kituoni amepigwa. Alikuta wanaume watupu kaunta. Wakamuuliza mbele ya watu wote, 'Haya, umefanywa nini?' Akasema ameanguka. Akarudi kwa yule aliyempiga."

"Yuko wapi sasa?" Lorine aliuliza.

"Tumemzika Jumamosi."

Lorine aliketi chini.

"Wako wanaosema nafasi hizi zinatuaibisha," Nzilani aliendelea. "Eti tunaonekana tumebebwa. Nawaelewa. Hata mimi ningependa siku moja zisihitajike. Lakini mafunzo ni yaleyale na bunduki ni ileile. Nimefundisha vijana wawili kazi ya kaunta. Leo wote wawili wananiamrisha. Kila watu wakipandishwa cheo, naambiwa ningoje. Nimengoja mpaka nimeota mvi. Nikiwa peke yangu pale, nani atanisikia? Mwacheni huyu mtoto aende."

Javan alimtazama binti yake kwa muda mrefu. Aliona aibu, na aibu hiyo ilimstahili.

"Nenda, mama," alimwambia. "Hiyo nafasi ni yako."

Triza alikwenda. Baba na mama walimsindikiza hadi stendi. Job hakutoka nyuma ya pazia.

Mafunzo yalipokwisha, Triza alipelekwa kituo kimoja huko Eastlands, si mbali na kiwanda. Alikuja nyumbani siku za mapumziko, akaleta sukari na unga. Job alikula ugali huo, lakini kwa dada yake hakuwa na la kusema. Aliendelea kungoja getini.

Asubuhi moja Aoko, mama aliyeuza samaki karibu na geti, alikuja akiyumba. Jicho lake moja lilikuwa limefumba kwa uvimbe. Gauni lilikuwa limeraruka begani. Wanaume waligeuza nyuso, maana kila mtu alimjua mume wake na ngumi zake. Job alivua koti akamfunika, akamshika mkono. Akampeleka kituoni.

Askari wawili wa kiume walikuwa kaunta, na watu wamejaa kwenye benchi.

"Haya, mama," mmoja alisema kwa sauti. "Umefanywa nini?"

Aoko alitazama sakafu. "Nimeanguka," alisema.

Job alisikia neno hilo akashtuka. Alimkumbuka yule mama aliyezikwa Jumamosi.

"Hajaanguka," alisema. "Kuna askari wa kike hapa. Mwiteni."

"Yupi?"

Job alisogea karibu na kaunta. "Konstebo Triza Nabiswa. Ni dada yangu."

Triza alitoka ofisi ya nyuma. Alimwona kaka yake, akasita. Kisha akamwona Aoko. Alimshika bega taratibu, akamwingiza katika chumba kidogo, akafunga mlango.

Job aliketi kwenye benchi pamoja na wengine. Kwa muda mrefu hakusikia kitu. Halafu, nyuma ya mlango ule, Aoko alilia. Alipomaliza kulia, akaanza kueleza.