Kitambaa Chini ya Mfuniko

Subira huvuta heri, wanasema. Yangu mimi ilivuta mwanamke mwenzangu, tena akiwa na sufuria mkononi.

"Pisheni, ya moto!" Clotilde aliitua mezani katika ukumbi wa kanisa letu, hapa mjini Opelousas.

Jumatatu kwetu kila jiko ni wali na maharage mekundu, yamechemka na mfupa wa nguruwe uliobaki Jumapili. Akina mama wote tulileta hayohayo. Ila Clotilde alipofunua, nilisogea nitazame vizuri. Chini ya mfuniko palikuwa na kitambaa kilicholoweshwa. Chini ya kitambaa, mayai yamepasuliwa kwenye vishimo vya maharage mazito, yameiva kwa mvuke, viini vinatetemeka.

Hivyo alipika bibi yangu, akanifundisha. Nje ya jiko langu sijapata kuyaona.

"Nani kakufundisha, dada?"

"Anayenipenda." Akacheka. "Mimi hupikiwa, Odalie. Leo tu nimejipikia."

Ukumbi ukaangua kicheko. Mama Ernestine, mama mkwe wangu, hakucheka. Alishika vijiko akaanza kuvifuta, na vilikuwa safi.

Nikamwandikia mume wangu: "Alcide, leo utawahi?"

Akajibu: "Karakana imejaa magari. Usinisubiri kula."

Jibu la kila Jumatatu. Nikampigia, nikaweka spika.

"Alcide, mayai ya Clotilde yamekauka kama mpira. Kanisa zima linamcheka."

"Yamekaukaje? Si nilimwambia alowanishe kitambaa! Nimemwonyesha kwa mkono wangu mwenyewe..."

Vichwa vyote ukumbini vikanigeukia.

"Odalie? Uko wapi?"

"Kanisani, baba. Unasikika vizuri sana."

Akakata simu.

Miaka yote ya ndoa alikaa mezani kwangu, kidevu mkononi, akinitazama nikipika. Nikadhani ni mapenzi. Kumbe mwanafunzi yuko darasani!

Clotilde akainua shingo. "Unanitolea macho ya nini? Mwanamume akipenda, hupika. Wewe alikupikia nini?"

Nilipovunjika mguu nilipika nimekaa kwenye stuli, mguu wenye plasta nimeunyoosha sakafuni, naye anagonga uma mezani: "Bado tu, mama?"

Mama Ernestine akanivuta hadi jikoni, akafunga mlango.

"Umemvua nguo mwanangu mbele ya mchungaji! Mambo ya chumbani huanikwa ukumbini?"

"Ulijua, Mama?"

"Nilijua atamchoka. Baba yake naye alimchoka wake, akarudi."

"Na wewe ulikuwa unafanya nini, hadi amchoke?"

"Nilipika." Akanishika mkono. "Sikiliza, mkamwana. Toka pale nje, sema ulipandwa na hasira, umwombe radhi Clotilde, umwombe na mumeo. Leo hiihii namleta Alcide nyumbani nimemshika sikio. Ukikaidi, nyumba mnayokaa ni yangu. Utahama."

Mama huyu ndiye aliyenivisha shela kwa mikono yake. Nilimpenda kuliko nilivyompenda mwanawe, na sasa nilijua nampoteza yeye pia.

"Odalie, mwanangu. Neno moja tu. Litakugharimu nini?"

Nje nilisikia sahani zikigongana. Walikuwa wanapakua. Wanakula mayai ya bibi yangu.

"Nitahama, Mama. Kesho asubuhi funguo utazikuta mlangoni. Lakini radhi siombi."