Mathilde na Harufu ya Mapera

Mathilde anakaa Shituru, katika nyumba za zamani za kampuni ya migodi, pamoja na mume wake Casimir na mtoto wao mdogo, Jenny. Casimir anavunja mawe ya chokaa katika machimbo ya Kakontwe. Mathilde anashona nguo barazani. Asubuhi moshi wa kiwanda unapita polepole juu ya mabati, na cherehani yake inaanza kulia.

Mwaka mmoja, jambo geni lilianza kumpata. Akiwa anashona, ghafla alisikia harufu ya mapera yaliyoiva. Hakukuwa na mapera popote. Kisha mwanga uligeuka laini, kama wa jioni. Alijiona katika ua wa marehemu mama yake. Mama alikuwa karibu sana, kama anataka kumwita. Halafu yote yaliondoka. Mathilde alibaki na uzi mkononi, bila kujua muda umekwenda wapi.

Hakumwambia mtu. Aliipenda ndoto ile. Siku nyingine aliketi na kuingoja.

Mchana mmoja alikuwa anamimina maji ya moto katika beseni. Harufu ikaja. Mkono wake ukaganda. Macho yalikuwa wazi, lakini hayakuona. Midomo ilicheza kama ya mtu anayetafuna. Maji yaliendelea kumwagika, na Jenny alikuwa amekaa chini, karibu.

Mtoto alipiga kelele. Jirani yao Fatu, muuguzi wa kituo cha afya, alikuja mbio akamnyakua. Mguu mmoja ulikuwa umeungua. Fatu aliuweka chini ya maji baridi ya bomba kwa muda mrefu, kisha akaufunga.

Casimir aliporudi, nywele zake nyeupe kwa vumbi la chokaa, alisikia habari na kuogopa.

"Ile ni roho ya mama yako," alimwambia mkewe. "Anakuita. Twende tuombe."

"Muombe, Baba Jenny, si mubaya," Fatu alisema. "Lakini twende na ku hospitali. Mama Jenny, mbele ya kuganda, unasikia nini?"

Mathilde akaeleza yote: mapera, mwanga, ua.

"Ile ni aina ya kifafa," Fatu alisema.

"Kifafa? Minye siangukaka chini! Sitetemekaka!"

"Si kila kifafa inaangusha muntu. Ingine inakuja sawa ndoto. Mu kichwa kuna fasi, hapa karibu na sikio, yenye kuchunga harufu na mambo ya zamani. Kitu ikisumbua ile fasi, unasikia harufu yenye haiko. Inaweza kuwa kovu. Inaweza kuwa uvimbe. Lazima wapige picha ya kichwa."

"Na wakiondoa ile kitu," Mathilde aliuliza polepole, "sitamuona mama tena?"

Fatu alimwinua mtoto. "Sijui, dada yangu. Lakini Jenny iko hapa."

Walikwenda Lubumbashi pamoja na Jenny. Daktari alimpa dawa ya kifafa. Ndoto zilipungua, lakini hazikuisha. Mathilde alilala ndani ya mashine kubwa yenye kelele, na picha ikaonyesha doa dogo kama punje ya haragwe.

"Ni uvimbe wa nadra," alisema Dokta Léon, mpasuaji wa ubongo. "Watu wachache wanaupata. Inaonekana unakua polepole. Lakini jina yake kamili tutaijua kisha kuutoa na kuangalia kipande ku maabara."

"Kupasua kichwa si hatari?" Casimir aliuliza.

"Iko na hatari. Damu inaweza kutoka mingi. Anaweza kusahau maneno. Lakini tukiuacha, unaweza kukua, na kuganda kunaweza kuzidi."

Mathilde alitazama kovu kwenye mguu wa mtoto wake.

"Mupasue," alisema.

Siku ya upasuaji alilala usingizi mzito wa dawa, usio na ndoto. Alipoamka, alimtambua Casimir, lakini majina ya vitu yalimkimbia. Aliita kikombe "kile kitu ya maji." Taratibu maneno yakarudi. Maabara ikasema uvimbe haukuwa saratani. Dokta Léon alimwonya asiache dawa kwa shauri lake mwenyewe, akamtaka arudi kupigwa picha tena.

Nyumbani, Mathilde aliketi akiingoja harufu ya mapera. Hakuna kilichokuja. Jioni moja Fatu alimkuta analia.

"Kichwa inauma?"

"Hapana. Namulilia mama. Zamani sikumulilia, juu alikuwa anarudia kila mara. Sasa njo najua amekufa."

Fatu aliketi kando yake mpaka machozi yakaisha.

Mvua zilipokwisha, siku moja Casimir alirudi kutoka kazini akamuuliza mkewe ameshinda vipi. Mathilde akaanza na chai ya asubuhi. Akamweleza gauni alilokata, mgomvi aliyepita njiani, wimbo wa Jenny, mawingu ya mchana, kila kitu mpaka mlango ulipofunguliwa. Siku nzima ilikuwamo, bila pengo hata moja. Casimir alisikiliza mpaka mwisho, viatu vyake bado miguuni.