Marejesho ya Saa Tatu na Robo

Maiti ya meneja ilikuwa sakafuni, kati ya kiti na meza, mkono mmoja umenyooshwa kana kwamba anadai kitu. Midomo ilikuwa imegeuka zambarau. Hakukuwa na damu wala jeraha.

"Pumu," alisema daktari wa polisi akivua glavu. "Hana zaidi ya saa moja na nusu tangu afe. Angepata pampu yake, sasa hivi angekuwa anatufukuza ofisini kwake."

"Iko wapi hiyo pampu?"

Koplo alionyesha juu ya kabati la mafaili, hatua nne kutoka kwenye maiti. Pampu ilikuwa imesimamishwa wima, kifuniko kimerudishwa, dawa tele ndani. Inspekta aliitazama kwa muda. Wenzake walimwita Kupe, maana akishaganda mahali hang'oki, na hapo alikuwa ameshaganda. Mtu anayekata roho hapangi vitu kabatini.

Ofisi ilikuwa ya vyumba viwili. Humo ziliuzwa tiketi za ndege kwa njia ya mtandao, au tuseme kitu kilichovishwa nguo za tiketi. Mteja analipa, anatumiwa karatasi yenye picha ya ndege na jina lake, halafu anafika uwanjani na kuambiwa kwamba alichonunua ni nafasi ya kungoja abiria mwingine aghairi. Yote yaliandikwa, wasije wakasingiziwa. Yaliandikwa chini kabisa, kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa.

Aliyemkuta meneja ni mpokea simu wake, binti wa miaka ishirini na kitu. Alikuwa amekaa chumba cha nje, mikono mapajani.

"Ulimkuta saa ngapi?"

"Saa tatu na nusu, afande. Nilimpelekea chai."

"Nani aliingia kabla yako?"

"Sikuona mtu."

Mlinzi wa mlangoni naye hakuona mtu asubuhi hiyo, lakini ya jana alikuwa nayo. Alikuja mama mmoja na mtoto mgonjwa, bahasha ya eksirei kwapani, akadai fedha zake mpaka akakaa sakafuni. Meneja akamtoa nje.

"Alisema chochote akitoka?"

"Alisema Mungu si Athumani."

Kompyuta ya meneja ilikuwa bado inawaka. Kwenye kioo kulikuwa na orodha ya maombi ya marejesho, mia tatu na kumi na mawili, mengine yana miezi minane. Yote yaliandikwa "linashughulikiwa". Moja tu liliandikwa "limelipwa", leo, saa tatu na robo. Lilikuwa la mama yule wa jana.

"Nani ana ruhusa ya kulipa?" Inspekta alimuuliza mpokea simu.

"Meneja peke yake. Lazima aweke kidole gumba pale." Alionyesha kijisanduku cheusi cha kusomea alama za vidole.

"Yaani mkono wa birika wa miezi minane, leo kaamka na huruma."

Inspekta akamwambia binti aeleze malipo yanavyofanyika, akaeleza bila kuinua macho. Kulikuwa na kurasa saba. Kila ukurasa uliuliza swali, ukadai kidole, kisha ukaganda nusu dakika kabla ya kufungua unaofuata. Meneja aliagiza hivyo zamani, wafanyakazi walipokuwa bado na ruhusa ya kulipa, ili wachoke waache. Walipokuwa hawachoki, akawanyang'anya ruhusa na kuweka kidole chake.

Mama yule alipatikana hospitali, anachukua barua ya rufaa, bintiye wa miaka sita mgongoni. Muuguzi alithibitisha kwamba hawakutoka pale tangu saa moja asubuhi. Basi si yeye. Mtoto alikuwa anakwenda kupasuliwa moyo nchi nyingine keshokutwa, na daktari wa kule alisema wazi kwamba tarehe hiyo ikipita hakuna ya pili.

"Ulijuaje kama fedha zimerudi?"

"Yule dada wa simu alinipigia. Alikuwa analia. Akaniambia, 'Mama, fedha zimeingia, kanunue tiketi kaunta sasa hivi, usingoje kitu.' Nikadhani kafiwa." Alimtoa mtoto mgongoni, akamkumbatia. "Nimemtuma mdogo wangu, ameshanunua. Tunaruka saa kumi. Baba, mtanizuia?"

Kisheria fedha zile zilikuwa kielelezo. Koplo alikuwa ameshaandaa barua ya kuzizuia, na tiketi ingefutwa nazo. Inspekta alimtazama mtoto. Kucha zake zilikuwa za bluu, na alipumua kwa mabega, kama aliyepanda ngazi, naye amekaa tu. Miaka ishirini na miwili ya kazi, hakuwahi kuogopa kuifanya vizuri. Siku hiyo aliogopa.

"Sahihi yako, afande," Koplo alinong'ona.

"Kalamu haiandiki."

"Unazo mbili mfukoni."

"Zote."

Mahojiano yalianza saa nane kituoni. Binti alisomewa haki zake, akaletewa maji, hakuyagusa. Kila swali alilijibu kwa swali moja tu.

"Ulimpigia simu mama wa mtoto?"

"Saa ngapi sasa?"

"Pampu uliiweka wewe kabatini?"

"Saa ngapi, afande?"

Mara ya tano Inspekta akaelewa. Aliegemea kiti, akaacha kuuliza. Walikaa hivyo watatu mpaka saa kumi ikapita, feni ikizunguka. Kisha akatoka, akapiga simu uwanja wa ndege, akarudi.

"Imeruka. Saa kumi na dakika tano. Wote wawili wamo."

Binti alifunika uso. Alipoufunua alianza kusema, na Koplo akaandika.

"Alibanwa kifua nikiwa ndani, nikimwombea yule mama. Pampu ilikuwa mezani. Niliiwahi mimi. Nikamwambia, bonyeza kidole kwanza, mlipe mama."

"Akabonyeza?"

"Alibonyeza. Nilidhani ni dakika moja tu. Nilisahau zile kurasa. Wa tatu, wa nne, unaganda tu, naye ananitazama. Ningempa pale, asingemalizia, namjua. Nikasema bado kidogo, bosi. Bado kidogo. Wa saba ukaandika, 'Una uhakika kabisa?' Alikuwa ameshanyamaza. Nilimshika kidole nikakibandika mwenyewe."

"Na pampu?"

"Nilimpulizia mara tatu. Dawa haikuingia. Nikaifunika nikaiweka juu. Sijui kwa nini niliifunika."

Inspekta alijua bado kuna swali moja.

"Maombi yalikuwa mia tatu na ushee. Kwa nini huyu?"

"Wengine walidanganywa na yale maandishi madogo. Huyu aliyasoma, hakuyaelewa, akanipigia kuuliza. Nami napata kitu kidogo kwa kila tiketi. Nikamwambia, nunua tu mama, hiyo ni tiketi kamili." Machozi yalikuwa yakimtoka bila yeye kuyafuta. "Akanishukuru, afande. Akaniuliza jina langu, ili aniombee dua."