Mjumbe wa Nchi ya Mashambani

Siku za Jumamosi Kokuhirwa hakuhitaji kuamshwa. Akisikia tu mama yake anafungua mlango wa jikoni, hutoka kitandani, hunawa uso, kisha hushika kisu na kuanza kumenya ndizi za mchana. Mikono yake ilifanya kazi, na mdomo nao haukupumzika. Alizoea kusema kwa sauti kubwa, kana kwamba mbele yake kuna umati wa watu, si beseni la maganda.

“Mheshimiwa Mwenyekiti, waheshimiwa wajumbe! Ziwa letu linalia!”

“Hizo ndizi zitakupigia makofi lini, Koku?” mama yake, Immakulata, alimtania huku akipuliza moto.

Kokuhirwa alikuwa darasa la sita katika shule moja ya Ijumbi, wilayani Muleba. Kwa midahalo hakuwa na mpinzani. Ndiyo maana Mwalimu Privatus alimchagua kwenda Bukoba, kwenye kikao cha mfano kilichoitwa Baraza la Ziwa.

Mwalimu alikuwa amewaeleza wanafunzi mbele ya mstari. “Samaki hana pasi ya kusafiria,” alisema. “Asubuhi yuko kwetu, jioni yuko Uganda au Kenya. Kwa hiyo nchi zinazochangia ziwa haziwezi kulitunza kila moja kivyake. Lazima zikutane, zipatane. Kuna vijana wasomi wanaofundishwa kuongoza mikutano ya namna hiyo, ya mataifa mengi. Sehemu ya mafunzo yao ni kuja kuwafundisha ninyi. Na wanafunzi wawili watakaofanya vizuri watakwenda Arusha, kwenye kongamano la watoto wa Afrika Mashariki.”

Arusha! Kokuhirwa hakuwahi kufika hata Mwanza.

Kulikuwa na kazi moja ya kufanya kabla ya safari. Kila mjumbe alitakiwa kuzungumza na watu watatu wanaoishi kwa kutegemea ziwa, awaulize kuhusu maisha yao na kusikiliza majibu yao. Kwa Kokuhirwa kazi hiyo haikuwa ngumu, maana Mama Consolata, muuza dagaa, alipita nyumbani kwao kila wiki na ndoo yake kichwani.

“Koku, Mama Consolata huyo anaondoka,” mama yake alimkumbusha siku moja. “Si ulisema una maswali?”

“Wiki ijayo, Mama. Leo nafanyia mazoezi mwisho wa hotuba.”

Wiki iliyofuata alikuwa anafanyia mazoezi mwanzo wake. Siku ya safari ikafika hajamwuliza mtu hata mmoja.

Kikao kilifanyika katika ukumbi mmoja mtaa wa Bakoba, mjini Bukoba. Aliyekiongoza alikuwa dada mmoja mwembamba, mcheshi, jina lake Annastella. Alikuwa mmoja wa wale vijana wanaofundishwa uongozi wa kimataifa, na siku hizo mbili zilikuwa mtihani wake. Mkufunzi wake, Bwana Karugendo, alikaa kiti cha nyuma kabisa, akitazama bila kusema neno.

Annastella aliwagawa wanafunzi katika nchi tatu za kubuni zinazochangia ziwa moja: Nchi ya Mashambani, Nchi ya Mjini na Nchi ya Visiwani. Nchi ya Visiwani ilipewa wanafunzi waliotoka visiwani kweli. Walikuwa wamekuja kwa boti, na msemaji wao alikuwa msichana mfupi mwenye sauti ya chini. Aliitwa Rozi Mayenga, wa kisiwa cha Goziba.

“Tatizo ni hili,” alisema Annastella. “Samaki wanapungua. Mtafanya nini? Azimio litapita tu kama nchi zote tatu zitakubali. Hatupigi kura hapa. Hakuna mkubwa wa kumlazimisha mdogo.”

Kokuhirwa, msemaji wa Nchi ya Mashambani, alikuwa wa kwanza kusimama. Alinyoosha mgongo, akasubiri ukumbi unyamaze, kisha akaanza. Alisema ziwa linalia. Alisema wavuvi wana pupa, kwamba wanavua hata watoto wa samaki kwa sababu hawataki kufikiri kesho. Akapendekeza ziwa lifungwe nusu mwaka, mtumbwi wowote usiingie majini. Alipomaliza, Nchi ya Mjini ilipiga makofi hadi madirisha yakatikisika. Moyo wa Kokuhirwa ulijaa. Tayari alijiona Arusha.

Rozi akanyoosha mkono.

“Naomba kumwuliza mjumbe,” alisema taratibu. “Umezungumza na wavuvi gani?”

Kokuhirwa hakutegemea swali hilo. Watu wote walimtazama. Angeweza kusema kweli, lakini bado alikuwa anasikia yale makofi masikioni.

“Nimezungumza na wavuvi wa Goziba,” alijibu haraka. “Wenyewe wamekubali kwamba nusu mwaka inawezekana.”

“Goziba ndiko kwetu,” alisema Rozi. “Ulikuja na boti ya nani? Ulikaa kambi ipi?”

Kokuhirwa alianza kupekua karatasi zake. Mtu mmoja akacheka, wengine wakafuata. Rozi hakucheka. Alikusanya vitu vyake, akasimama.

“Baba yangu ni mvuvi,” alisema. “Umesema ana pupa, halafu umemsingizia maneno ambayo hajasema. Sisi hatuwezi kupatana na mtu anayetutungia maneno.” Akatoka nje, na wajumbe wenzake wote wa Visiwani wakamfuata.

Bila Visiwani, hapakuwa na azimio. Bwana Karugendo aliinua macho akamtazama Annastella, kama anayesema: haya, sasa utafanya nini? Annastella alivuta pumzi ndefu.

“Tunapumzika kwa chai,” alitangaza. “Kikao hakijafa. Tutaendelea kesho asubuhi, kama kutakuwa na mtu wa kuendelea naye.”

Kokuhirwa hakunywa chai. Alijificha nyuma ya ukumbi, karibu na tangi la maji, akalia. Mwalimu Privatus, aliyekuwa amemsindikiza Bukoba, alimkuta hapo.

“Mwalimu, naomba nirudi nyumbani leo.”

“Ukirudi nyumbani, nani atawarudisha wale?” Mwalimu aliuliza. Hakuwa na hasira, na hilo lilimuumiza Kokuhirwa zaidi. “Uliwauliza watu watatu?”

“Hapana, Mwalimu.”

“Hata mmoja?”

“Hata mmoja. Nilidhani hotuba itatosha.”

Annastella naye alikuwa amefika, kikombe mkononi. Alichuchumaa karibu na Kokuhirwa.

“Unajua tunafundishwa nini huko ninakosoma?” alisema. “Kwamba katika mikutano mikubwa ya dunia, hotuba hazipatanishi watu sana. Watu wanapatana wakati wa chai kama huu, mmoja anapomfuata mwenzake na kumwuliza, ‘Hebu niambie, kwenu mambo yakoje?’ Mimi siwezi kukufanyia kazi hiyo, Koku. Mimi naongoza kikao. Mjumbe ni wewe.”

Rozi na wenzake walikuwa wamekaa kwenye nyasi mbele ya ukumbi. Kokuhirwa aliwaendea.

“Nilisema uongo,” alisema. “Sijawahi kufika Goziba. Sijazungumza na mvuvi yeyote. Naomba mnisamehe. Na kama bado mna nafasi, naomba nianze sasa kuuliza.”

Mvulana mmoja wa kwao alinong’ona, “Mwache aende zake.” Lakini Rozi alisogea kidogo, akampa nafasi kwenye nyasi.

“Uliza,” alisema.

“Ziwa likifungwa nusu mwaka, kwenu mtafanya nini?”

“Mwaka jana mashine ya boti ya Baba iliharibika. Mwezi mzima hakuingia ziwani. Tulikuwa tunakula mara moja kwa siku. Ninyi mna kibanja, shamba la migomba nyuma ya nyumba. Sisi kisiwani ni mawe matupu, hata mchicha unaletwa na boti.” Rozi alichuma unyasi, akauvunja. “Halafu mnasema kana kwamba hatupumziki. Dagaa wanavuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mwezi ukiwa mkubwa, mwanga umejaa kila mahali, dagaa hawaifuati taa. Siku hizo mitumbwi inakaa.”

“Sikujua,” alisema Kokuhirwa.

“Hukuuliza.”

Kokuhirwa alikubali kwa kichwa. Akauliza tena, na tena. Mchana Mwalimu Privatus alimpeleka yeye na Rozi mwaloni, mahali ambapo boti hushusha samaki. Hapo walizungumza na mama mmoja aliyekuwa akianika dagaa, na mzee mmoja aliyekuwa akishona nyavu. Kokuhirwa, ambaye hakuwahi kukaa kimya hata kanisani, alisikiliza mpaka shingo ikamuuma.

“Wanaovua watoto wa samaki wapo,” mzee alikubali. “Siwatetei. Lakini, mjukuu wangu, tatizo la kwanza ni mazalia. Sato anataga kwenye maji ya kina kifupi, huko kwenye vighuba. Siku hizi vighuba vimejaa matope.”

“Matope yanatoka wapi, babu?”

“Yanatoka kwenu mashambani. Mvua ikinyesha, udongo unashuka na vijito. Mnalima mpaka ukingoni mwa maji, nyasi hakuna, nini kitauzuia?”

Kokuhirwa alikuwa anaiona bustani ya mama yake kule bondeni Ijumbi, mboga zikiwa zimepandwa mpaka mahali ambapo ukinyoosha mguu unakanyaga maji ya kijito. Mboga hizo ndizo zilizomnunulia hata viatu alivyovaa. Usiku ule, mahali walipolazwa wajumbe, alijigeuza sana kitandani. Kama angenyamaza, nani angejua?

Asubuhi wajumbe wa Visiwani walirudi ukumbini. Kokuhirwa aliomba kuzungumza. Safari hii hakunyoosha mgongo wala kusubiri ukumbi unyamaze.

“Jana nilidanganya kikao hiki,” alisema. “Naomba radhi kwa wote. Naondoa pendekezo langu. Wenzetu wa Visiwani wakifungiwa ziwa lote nusu mwaka, watalala njaa. Napendekeza yafungwe mazalia peke yake, yale maji ya kina kifupi, wakati samaki wanataga. Dagaa wa ziwani ndani waendelee kuvuliwa.”

“Na Mashambani mtatoa nini?” mjumbe wa Mjini, mvulana aitwaye Abel, aliuliza. “Au wenzenu ndio watoe, ninyi mkae tu?”

Kokuhirwa aliitazama meza ya wenzake.

“Sisi ndio tunaojaza matope kwenye mazalia. Nasema sisi, maana hata mama yangu analima mpaka ukingoni. Nchi ya Mashambani iache nafasi kando ya vijito, ipande nyasi na miti. Tusipofanya hivyo, mazalia yatafungwa bure.”

Minong’ono ilipita katika meza ya Mashambani. Mjumbe mwenzake alimvuta sketi, “Mbona unatuuza?” Lakini Rozi alikuwa ameshasimama.

“Visiwani tunakubali mazalia yafungwe,” alisema. “Na nyavu za macho madogo tutazisalimisha. Baba yangu anao mmoja. Nitamwambia.”

Sasa wote wakawageukia Mjini. Abel alijikuna kichwa, akashauriana na wenzake, akasema wao wataacha kununua samaki wachanga na hawatatupa taka ziwani. Mabishano yaliendelea hadi karibu na chakula cha mchana, safari hii juu ya upana wa nafasi ya kuachwa kando ya vijito, na mara mbili Annastella alilazimika kugonga meza. Lakini hakuna aliyetoka nje. Azimio likapita, nchi zote tatu zikikubali.

Bwana Karugendo alitembea mpaka mbele, akampa mkono Annastella. “Jana ungeweza kuwaamulia,” alimwambia. “Umefanya vyema kuwaachia.” Annastella alicheka huku akifuta macho.

Yakatangazwa majina ya watakaokwenda Arusha: Rozi na Abel. Kokuhirwa alitazama chini, kisha akawa wa kwanza kupiga makofi. Walipokuwa wanaagana, Annastella alimwita pembeni.

“Ungeweza kuwa mmoja wao. Lakini kiongozi akidanganya mbele ya watu, lazima zipite siku kabla hawajamtuma tena aseme kwa jina lao. Umeelewa?”

“Nimeelewa, Dada.”

“Basi elewa na hili. Wako watu wazima wengi wenye vyeo ambao hawawezi kusema ulichosema leo, kwamba kosa liko kwetu pia. Mdomo mzuri ulizaliwa nao. Kusikiliza na kusema kweli ni vya kujifunza, na umeanza. Mwakani omba tena.”

Ijumbi alifika jua linazama. Mama yake alimpokea begi, akamketisha, akampa chai ya maziwa.

“Haya, mheshimiwa. Umeshinda?”

Kokuhirwa alimsimulia yote bila kuficha: uongo, kicheko, Rozi, mzee wa mwaloni. Alipofika kwenye bustani sauti ilimshuka. Mama Immakulata aliacha kupepeta mchele.

“Ulisema hivyo mbele ya watu? Bustani yangu?”

“Ndiyo, Mama.”

Mama alikaa kimya. Kwa mara ya kwanza Kokuhirwa hakukimbilia kuujaza ukimya huo kwa maneno.

“Udongo unashuka, ni kweli,” mama alisema hatimaye. “Kila masika tuta la mwisho linakwenda na maji, nami nalipandisha tena. Lakini zile mboga ndizo zinazotulisha. Sasa wewe mjumbe, unataka nifanye nini?”

Kokuhirwa alikuwa na majibu kadhaa kichwani, mengine mazuri sana ya kusemwa mbele ya ukumbi. Aliyaacha yapite.

“Sijui bado, Mama. Wewe ndiye unayelima. Wewe unaonaje?”

Mama yake alimtazama kama anayemwona mgeni mpya nyumbani. Kisha akacheka polepole.

“Kumbe Bukoba wamekufundisha kitu, mwanangu. Anayetaka kuongoza watu aanze kwa kuwauliza, na akishauliza, asiseme ambacho hawakusema.” Aliuweka ungo chini. “Matuta mawili ya ukingoni tunaweza kuyaacha, tukapanda majani ya ng’ombe. Yatashika udongo, na Mzee Mujuni pale jirani atayahitaji kwa ng’ombe wake. Mboga tutazisogeza juu, karibu na migomba. Kesho baada ya misa tukapime.”

“Tutapima wote?”

“Wote. Na Mama Consolata akipita, tumwulize na yeye.”