Namba Isiyopiga Hodi

Gladness, jirani wa Edina wa ukuta mmoja, anaapa kwamba aliyaona kwa macho yake mawili. Alikuwa mjini anatafuta chaja, akamkuta Tumsifu, mchumba wa Edina, kwenye duka la simu anamchagulia mwanamke simu kubwa ya kugusa. Akaipangusa kioo kwa kifua cha shati lake, ndipo akamkabidhi. Sura ya mwanamke hakuiona, maana alikuwa kajitanda khanga hadi kwenye nyusi.

"Kijana au mtu mzima?" Edina akauliza.

"Shoga, mimi nilikuwa naangalia simu. Ila waliondoka wameshikana mikono."

Edina akaendelea kukanyaga cherehani. Hakuwa mtu wa kupayuka. Kibanda chake cha ushonaji kilikuwa Kizota, hatua chache kutoka karakana ya Tumsifu, fundi wa kuchomelea mageti. Walikutana mwaka jana soko la Majengo, Jumamosi, watu wanapigana vikumbo. Tumsifu alikuwa na fremu ya dirisha begani, ncha ya chuma ikanasa gauni la Edina la kitenge cha njano na kulichana ubavuni.

"Dada nisamehe, nitalishona!"

"Unajua kushona?"

"Najua kuchomelea."

Jioni akaja kweli, akakaa kwenye cherehani, akashona mstari uliopinda kama njia ya ng'ombe. Edina alicheka mpaka akampenda. Sasa walikuwa wanaimba kwaya moja, na barua ya posa ilikuwa ipelekwe kwa kina Edina, Msalato, mwisho wa mwezi.

Siku ya pili baada ya maneno ya Gladness, kwenye kundi la kwaya la WhatsApp ikaingia namba isiyo na jina wala picha. Aliyeiingiza ni Tumsifu, kiongozi wa kundi.

Kundi lile lilikuwa na adabu yake. Mgeni akiingia hupiga hodi: Bwana asifiwe, naitwa fulani, naimba sauti fulani. Kukiwa na msiba kila mtu anaandika pole, hata aliye safarini. Anayesoma na kunyamaza huonekana kama mtu aliyesimama nyuma ya dirisha la watu. Namba hii haikupiga hodi. Baba yake Abeli, mwanakwaya mwenzao, alifariki, zikamiminika pole arobaini, yake hamna. Lakini kila Edina alipotuma sauti akiwafundisha wenzake wimbo, akiangalia waliosikiliza, wa kwanza alikuwa huyo huyo.

Akampigia Tumsifu.

"Mpenzi, ile namba inayoishia themanini na nane ni ya nani?"

"Ipi hiyo, kipenzi?"

"Uliyoiingiza mwenyewe."

"Aa, hiyo! Mtu anayependa nyimbo tu. Umekula lakini?"

"Nimekula. Ni mwanamke?"

"Edina bwana! Kuna mteja hapa, nakupigia."

Hakupiga. Edina akaipigia namba yenyewe. Ikapokelewa. Akasikia pumzi, kisha kicheko kidogo cha mwanamke, kama anayejiziba mdomo. Ikakatwa.

Wiki mbili alivumilia. Asubuhi moja akatuma wimbo mpya, na kabla hajaiweka simu chini, themanini na nane alikuwa ameshasikiliza. Damu ikampanda. Akarekodi:

"Wewe mwenye namba ya themanini na nane! Umekaa humu kama mjusi ukutani. Huimbi, husalimii, hata wafiwa huwapi pole. Kama unamtaka Tumsifu, jitokeze tumjue mwizi. Mwanamke mwenye haya haingii kwa watu kupitia dirishani!"

Watu wote wakasikiliza. Hakuna aliyeandika hata "jamani". Edina alipoitafuta ile namba kwenye orodha, haikuwepo.

Saa nne Tumsifu akaingia kibandani, miwani ya kuchomelea ipo kwenye paji la uso, ovaroli limejaa vumbi la chuma.

"Edina, umefanya nini?"

"Unaniuliza mimi? Muulize uliyemnunulia simu."

"Nilimnunulia mama."

"Mama nani?"

"Mama yangu! Yule wa kule kijijini Zuzu. Hajui kusoma, anasikiliza sauti tu. Alisema binti akijua anatazamwa atajipamba maneno, basi amsikie kwanza akiwa na wenzake. Wiki mbili ananipigia kukusifu, mwenzio anafundisha kwa upole, hachoki. Leo kanipigia akauliza, 'Huyo mwizi ndiyo mimi?'"

Mkasi ukamponyoka Edina.

"Ungeniambia, Tumsifu."

"Nilimuahidi."

"Basi na wewe umekosa. Mmenisimamisha kama mdoli wa dukani, nachunguliwa kwenye kioo, halafu mnashangaa nimepiga kelele?"

Tumsifu akavua miwani. "Nimekosa, mpenzi. Nimekosa kweli." Akamshika vidole vilivyojaa nyuzi. "Mimi nakutaka wewe, sina mwingine. Lakini barua haiwezi kutoka Zuzu mama akiwa na kinyongo. Kasema isimame kwanza."

"Niache niseme naye mwenyewe."

Akaishika simu kwa mikono miwili, akairekodia ile namba ya themanini na nane.

"Shikamoo mama. Ni mimi Edina. Nilikutukana kabla sijakuuliza jina. Tumsifu alikuwa amenificha, nikaogopa kunyang'anywa, nikamwaga maneno mbele za watu. Sina utetezi mwingine. Naomba unikubalie nije Zuzu kesho, unisikie nikiwa mbele yako, kabla hujaamua juu ya barua."

Akatuma. Punde ikaonekana imesikilizwa. Tumsifu akasogea, wakakaa bega kwa bega kwenye benchi la wateja, macho kwenye kioo. Pakaandikwa kwamba mama anarekodi sauti. Edina akaubana mkono wa Tumsifu.

Yale maandishi yakafutika.

Upande wa karakana mashine ya kukatia chuma ikaanza kulia, ikanyamaza, ikaanza tena. Jibu halijaja, lakini kwenye kioo mama alikuwa bado yupo hewani.