Nilipiga Sauti ya Marehemu Watu Wakicheza

Nina miaka ishirini na saba, naishi Mabanga hapa Goma. Kazi yangu ilikuwa u-DJ. Ninayowaeleza leo sijawahi kuyaungama hata kwa padri...

Nilikuwa na rafiki, Kavira, msichana wa Butembo. Alitengeneza muziki wa tek-hausi, ile midundo ya haraka isiyokuacha ukae. Umeme ulipounguza kompyuta yake, kazi yake yote ilibaki kwenye flashi moja tu. Akanikabidhi.

“Unitunzie, kaka. Usipige mbele ya batu. Kuna wimbo haujaisha.”

Nikaapa!

Wiki hiyohiyo nikaalikwa kupiga muziki kwenye ukumbi mmoja mtaani Himbi, Jumapili mchana, kwa sababu siku hizi watu wanataka kufika nyumbani kabla ya giza. Mwenye ukumbi alitaka vitu vipya. Mimi sikuwa navyo. Nikajiambia, nitamwambia Kavira baadaye... Shetani gani aliniingia?

Nilichomeka flashi. Dakika ishirini tu, ukumbi mzima ulikuwa ukirukaruka! Jasho, miluzi, watu wakipiga meza. Wakaita jina langu. Jina langu, kwa kazi ya mwenzangu!

Ndipo nikamwona Kavira mlangoni. Alikuja kunishangilia.

Kwa haraka nikabonyeza wimbo uliofuata bila kuusikiliza kwanza. Ngoma zikanyamaza... ikatoka sauti ya mama mmoja akiimba Kinande, lugha ya kwao Butembo, taratibu, kama anayetwanga.

Kavira akapiga ukelele. “Ule ni mama yangu! Zima!”

Mama yake alikuwa amefariki Butembo. Simu iliyorekodi sauti ile ilipotea siku Kavira na majirani walipokimbia mapigano Munigi, nje ya mji. Hayo yote niliyajua, ila sikujua kwamba sauti yenyewe ilikuwa mle kwenye flashi.

Ningezima. Kidole kilikuwa juu ya kitufe! Lakini watu walikuwa wameinua mikono wakingoja mdundo... nami nikauachia. Ukaifunika sauti ya marehemu, ukumbi ukalipuka kwa furaha.

Kavira akapenya hadi mezani, akaishika flashi. Nami kwa woga nikaivuta. Ikakatika vipande viwili.

Siku ileile mafundi watatu walijaribu kuitengeneza. Wote walitikisa kichwa.

Kavira hakunitukana. Laiti angenitukana! Alisema tu: “Siku ya maziko barabara ilifungwa, sikufika. Leo njo nimemuzika mama, na batu banacheza.”

Alihamia Bukavu. Nilimwandikia mara nyingi. Alijibu mara moja: ananiombea, lakini nisimwandikie tena.

Siku hizi nauza vocha za simu. Wanaonikumbuka husema siku ile nilipiga vizuri kuliko siku zote. Kila wakisema, nainamisha kichwa.

Ndugu zangu mnaosoma, ukikabidhiwa kitu cha mtu, omba ruhusa kabla ya kukigusa. Hujui mwenzako ameweka nini ndani yake. Na ukiambiwa zima... tafadhali, zima!