Aliyetoka Kinshasa

Maiti ya Muzaliwa ilikutwa Jumatatu kwenye machimbo ya Lusangi, kichwa kimepasuliwa kwa sululu. Sululu lilikuwa la mchimbaji mgeni, Mugisho, aliyeapa kwamba aliibiwa. Hakuna aliyemsikiliza.

Jumatano, Mugisho akiwa mahabusu Kasongo, vijana walishaleta petroli getini pa kituo. Inspekta Bulaimu alijua kwamba asipompata mwuaji kabla ya giza, angeandika ripoti ya maiti ya pili. Pikipiki ilikuwa imemchosha mgongo, na kazi ya miaka mingi ilimchosha mengine yote. Akajikokota hadi kilioni.

Mama Marcelline, mama wa marehemu, alimshika mkono kijana aliyekaa kando yake.

"Huyu njo Zéphirin, mutoto yangu wa Kinshasa. Iko anasoma kule. Muzaliwa njo aliuzisha shamba ya baba yao, juu leki yake, huyu mudogo, aende kusoma."

Hata katikati ya machozi, mama yule alikuwa anajivuna.

"Pole, kijana," Bulaimu alisema. "Umetoka mbali."

"Mbali sana, Shefu. Kilometa elfu moja na mia mbili mpaka Kindu. Kiisha pikipiki, usiku muzima."

"Ndege ilitoka Kinshasa saa ngapi?"

"Jana, saa mbili ya asubui."

"Mukashuka Kindu, saa ya uwanja ilionyesha ngapi?"

"Saa ine. Ni masaa mbili tu ya kuruka."

Bulaimu akapiga hesabu. Kuruka ni saa mbili, kweli. Lakini saa za Kindu ziko mbele ya zile za Kinshasa kwa saa nzima, na abiria huyo angekuta saa tano. Bulaimu mwenyewe, akirudi kutoka mafunzoni, aliwahi kusahau kusogeza saa yake, gari likamwacha. Kijana huyu hakupanda ndege; aliusoma muda wa safari kwenye simu, akajumlisha tu saa mbili.

Akamwita nyuma ya nyumba.

"Leta mikono."

Viganja vilikuwa na sugu, kucha zimejaa udongo mwekundu wa machimbo.

"Ni masomo gani inachimbisha wanafunzi?"

Zéphirin akaivuta mikono, akaificha mgongoni.

"Ulikuwa wapi Jumatatu?"

"Lusangi."

"Na Kinshasa?"

"Sikufika hata siku moja. Feza ya shamba niliimaliza Kindu, ndani ya raha. Nikaona haya kurudi. Nikaenda kuchimba, nikawa ninamupigia mama simu, namuambia niko Kinshasa. Jumatatu Yaya Muzaliwa, mukubwa yangu, alikuja kuuzisha muchele, akaniona ndani ya shimo. Hakunipiga, Shefu. Alilia tu. Kiisha akasema, 'Twende umuambie mama wewe mwenyewe.'"

"Ukamuua juu ya ile?"

"Sululu ya Mugisho ilikuwa karibu."

Bulaimu aliichukia kazi yake siku hiyo kuliko siku zote. Akapiga simu kituoni: Mugisho atolewe kwa mlango wa nyuma, asindikizwe. Kisha akatoa pingu.

"Shefu," Zéphirin akasema, "mumuambie mama niliua. Lakini musimuambie sikufika."

Barazani, Mama Marcelline aliziona pingu, akaambiwa, akaanguka chini. Walipomwinua alimng'ang'ania Bulaimu shati.

"Papa, mutoto yangu hakukuwa hivi. Ni Kinshasa ilimuharibu?"

Bulaimu alimtazama kijana, kisha mama yake.

"Ndiyo, Mama," akasema. "Ni Kinshasa."